Mayai ya Siku ya Hesabu

Ndani ya basi la Mymensingh, Bi Monwara, boksi la vitamutamu mapajani, hakumpa jirani yake nafasi ya kupumua. "Mjukuu wangu huyu kafaulu mtihani wa taifa wa darasa la nane. Kibengali, Kiingereza, sayansi, kote kafaulu; hesabu ndiyo kapata mia kamili. Mwezi mzima kabla ya mtihani nilimkataza mayai, maana yai lina umbo la sifuri, asije akaipata."

"Mambo ya kale hayo, mama," jirani akasema.

"Bibi," Tuktuki akanong'ona, "siku ya hesabu nilikula mayai mawili kwa shangazi. Na ndizi."

Jirani akaangua kicheko. Bi Monwara akakazia macho boksi lake mpaka basi liliposimama.

"Ndizi ngapi?" akamuuliza mjukuu wake.

"Moja."

Bibi akainuka na boksi lake, kidevu juu, akamgeukia jirani. "Moja, sifuri, sifuri. Isome mwenyewe, mwanangu."