Chapa Isiyoonekana

Basi la Namanyere halijamaliza hata kutoka Sumbawanga, mama Kalista, mkulima wa ulezi, akaanza kumhadithia jirani yake wa kiti maneno ya mtafiti aliyefika kijijini kwao. "Anasema tunazaliwa na chapa mwilini, nyingine ya baba, nyingine ya mama. Na moshi wa sigara anaoumeza mjamzito unaweza kuivuruga."

Jirani, mfugaji aitwaye Masunga, alishika neno moja tu. "Chapa? Ya moto?"

"Haionekani, baba."

"Mama, chapa isiyoonekana ni ya mwizi." Abiria tulicheka hadi kiti cha nyuma. "Tena ndama hazaliwi na chapa. Namchoma mimi."

"Ndivyo hivyo na hii! Hufutwa, ikapigwa upya kila kizazi, ila kabla mtoto hajazaliwa. Na hiyo pakiti mfukoni, sigara unavutia wapi?"

"Ndani kwangu. Wapi tena?"

"Na mkeo?"

"Mjamzito," alisema, akaipapasa ile pakiti.

Basi liliposimama Chala alishuka, akatoa sigara, akaitazama, akaichomeka nyuma ya sikio. "Basi nitavutia zizini."

Mama Kalista akachomoza kichwa dirishani. "Huko nako kuna wajawazito!"