Hafkeki ya Joel na Lilian

Joel mwanangu, Lilian mwanangu, acheni mnachofanya mnisikilize, maana leo ni Jumamosi na kesho ni Pasaka, nami nasema mara moja tu, na simu kaishika jirani yetu Arafa kwa kuwa mikono yangu haishiki tena kitu. Mmoja wenu yuko Olasiti, mwingine Lemara, wala si Ulaya, na bado kila Pasaka nakaa hapa Olmotonyi na sahani mbili zilizofunikwa, upweke umenijaa hadi natamani hata kelele za ugomvi wenu.

Mnaijua desturi ya baba yenu. Tukitoka ibada ya alfajiri tulipita kaburini kwa babu yenu na maua, kisha jikoni, na hafkeki ya kwanza kutoka kwenye mafuta aliivunja Joel, nusu akamtia Lilian mkononi, ndipo wengine tule. Lilian alilia kwamba nusu yake ni ndogo, na Joel akamwongezea akijifanya ameshiba.

Baba yenu alipozikwa, wewe Joel ukajenga uzio ukaziba njia ya kaburini. Nawe Lilian ukamshtaki kaka yako kwa wazee wa ukoo siku ya Pasaka, wageni wakiwa na sahani mikononi. Tangu hapo kila mmoja hunipigia kuuliza kama mwenzake anakuja, nami siwezi kusema uongo siku ya Bwana kwamba haji, basi hamji wote wawili. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimelima mpaka jembe limeisha makali, kapu bado liko ukutani.

Sasa shikeni haya. Shamba la juu lenye kahawa ni la Joel, la chini lenye migomba ni la Lilian, na uzio aung'oe Joel mwenyewe, si kibarua. Jiko sikuligawa, ni lenu wote, na asiliuze mtu. Karai mpeni Arafa, ambaye Pasaka si sikukuu yake, lakini mwaka huu ndiye aliyekanda unga na kukaanga, nami nikimwelekeza kutoka kitandani, tukabishana sana kuhusu iliki. Na jeneza langu lisitoke uani kabla Joel hajavunja hafkeki akampa mdogo wake, naye akaila mbele ya watu. Mkikataa, niacheni hapo hapo. Nimezoea kuwangoja.

Sina kinyongo... ngojeni nivute pumzi. Mungu wa baba yenu awafunike. Joel, nakubariki, baba. Lilian... nawe, mama, nakubariki. Arafa, basi, inatosha. Watumie sauti hii kwa pamoja, asiwepo wa kuipata kwanza.