Sajini Nzembi Kaindi, Aliyekataa Kuondoka Bila Kukabidhi

Marehemu Nzembi Kaindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Majimboni, Shimba Hills, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Kaindi na mama Kasyoki, wakulima waliohamia kutoka Ukambani. Alisomea shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari ya bweni Kwale, alikomaliza mwaka 2004. Alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemchokoza.

Mwaka 2007 alijiunga na Jeshi la Wanahewa kama askari wa kawaida. Alianzia kwenye redio, akasomeshwa, akahamishiwa kituo cha setilaiti, na huko akapanda hadi cheo cha sajini. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini, kuisikiliza setilaiti ikipita juu yetu, kuipima afya na kuipa amri. Mamake aliwatangazia kina mama wa kanisa kwamba bintiye anaishi angani. Nzembi alipokuja likizoni wakamuuliza kama huko juu kuna baridi.

"Shikamooni, mama zangu. Mimi niko chini, nimekalia kiti tu," akawajibu. Mama Kasyoki alinuna hadi likizo ikaisha.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa kanisani Ukunda na Japheth Kombe, mpishi wa hoteli moja ya Diani. Walijenga hapa Munje, na mwaka 2017 Mungu akawajalia Kadzo. Japheth alizoea kuwaambia wenzake jikoni kwamba mkewe anaviamrisha vitu vya angani, sembuse yeye.

Mwezi wa Aprili 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Mombasa, akapata nafuu, kisha ikamrudia. Oktoba mwaka huu alilazwa Msambweni, na hapo ndipo alipoanza kumwandama Japheth. Kazini kwao mtu haachi kiti kwa sababu zamu imekwisha. Humweleza anayempokea hali ilivyo, mwenzake hurudia yote kwa sauti, kisha husema, "Nimepokea." Ndipo wa kwanza huinuka. Nzembi alitaka kumkabidhi mumewe malezi ya Kadzo kwa namna hiyo.

"Hayo tutazungumza ukishapona, mama Kadzo," Japheth alimwambia, akatoka kwenda kutafuta chai asiyoinywa. Alikuwa akiogopa. Aliona akilitamka neno lile atakuwa amemruhusu mkewe aondoke. Lakini Nzembi alikuwa akipigana na usingizi, akikataa hata dawa ya maumivu isije ikamlaza kabla hajasema, na Japheth hakuweza kuyatazama mateso yale zaidi.

Jumapili alasiri akavuta kiti. Nzembi akasema: Kadzo ana pumu, asifagie vumbi. Asichapwe kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Asidanganywe kwamba mama amesafiri. Japheth akarudia huku akilia, akalisahau la mwisho.

"Umeacha moja. Rudia."

Akarudia yote. "Nimepokea," akasema. Nzembi akameza dawa yake, akalala. Alituaga Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi.

Ameacha mama, Kasyoki, ndugu, Kitheka, binti, Kadzo, na mume, Japheth, ambaye leo alfajiri alimsuka mwanawe nywele kwa mara ya kwanza. Mistari imepinda. Shangazi zake walitaka kuzifumua, Kadzo akakataa.

Pumzika kwa utulivu, Nzembi.