Fundichuma Uani kwa Hamisi

Kijiwe chetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, ni gogo la mchikichi mbele ya birika la kahawa la Radjabu, na ukikaa hapo unaitazama nyumba ya Hamisi utake usitake. Hamisi muuza mawese na watu wake hawajaonekana tangu machafuko ya mwezi wa nne, mwaka huu wa sabini na mbili. Uani pake, kwenye panda ya mkuyu, fundichuma, yule ndege wa kichwa kama nyundo, amejenga kiota kikubwa kuliko jiko la Radjabu. Asubuhi hiyo Sylvestre alifika na baiskeli, godoro limefungwa nyuma. Komine, yaani serikali ya hapa, ilikuwa imempa nyumba ya Hamisi. Wanawe walikuwa wamechoka kulala jikoni kwa wakwe, kule Bugarama. Hakuna aliyemgusia habari hiyo. Tukaongea ndege, maana ndege hana kesi.

— Nilipanda pale juzi, akasema Sylvestre. Nikasimama juu ya ile kiota na miguu mbili. Haikutikisika!

— Wewe na tumbo hiyo? akauliza Kapiteni, mvuvi wa Magara ambaye hajawahi kuwa na mtumbwi wake.

— Haki ya Mungu!

— Ndani iko na vyumba tatu, akasema Hubert, tunayemwita Profeseri. Kimoja ya mayai, kimoja ya kulala, kimoja salo.

— Salo ya nini?

— Ya kupokea wageni! Ndege zote zinamuletea majani. Yeye ni mwami wao, mufalme kabisa.

— Teremusha sauti, akasema Radjabu. Kutaja mwami, siku hizi? Watakufunga.

Tukatazama juu. Fundichuma akatua na kijiti mdomoni, akakichomeka, akarudi ziwani kufuata tope. Kiumbe asiye na mikono, na nyumba ile yote!

— Ile anajenga sasa ni ya pili, akasema Radjabu. Ya kwanza bundi ameingia.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akadakia Sylvestre.

— Apone wapi, Kapiteni akauliza, na amefukuzwa?

— Hakufukuzwa! Aliiacha wazi.

Ndipo akaja mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, Cibalonza, na madumu mawili matupu.

— Amahoro, akasalimu. Nimegonga kwa Hamisi mpaka mukono inauma. Kila mwaka ananiuziaga mawese. Yeye iko wapi?

Profeseri akatazama viatu vyake. Radjabu akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha jaa. Kati yetu hakuna aliyejua kama Hamisi alivuka ziwa au hakuvuka, na kusema hivyo tu kulitosha kumtia mtu matatani.

Cibalonza akaliona godoro, akamgeukia Sylvestre.

— Wewe ni mutu wa kwake, eeh? Niambie basi. Iko wapi?

Sylvestre akaitazama nyumba, akatutazama sisi, na sisi tukatazama pembeni.

— Hajarudi bado, mama.

Kisha akageuza baiskeli, akaisukuma na godoro lake kurudi Bugarama.