Msumari wa Mirko Bellettato

Baada ya kuitumikia timu yetu ya Santafosca kwa miaka kumi na tisa, nahodha wetu Mirko Bellettato, beki wa kati, jezi namba tano, anastaafu Jumapili hii, tarehe tisa Juni, kwenye mechi ya kumuaga. Wale mliozoea kutazama bure kutoka juu ya tuta la mto, siku hiyo shukeni mpite mlangoni kama watu.

Rais wa klabu, Bi Morena Tessarin, alitaka wasifu huu uandikwe na mwandishi wa gazeti la mkoani. Nikamwambia mwandishi huyo amemwona Mirko akiwa na mpira tu. Mimi, Ottorino Siviero, mtunza vifaa, nimemwona akiwa na barafu kwenye goti. Basi kazi nikapewa mimi. Shule niliiacha mapema, lakini mpira sikuuacha.

Mirko alikuja akiwa na miaka kumi na saba, mtoto wa mvuna kome, wale viumbe wa gamba wa baharini, kutoka ng'ambo ya mto, mwembamba kama mti wa bendera ya kona. Kocha wa wakati ule aliniambia, "Siviero, huyu upepo utamchukua." Nikaitazama miguu yake, nikasema huyu ni beki. Kwa miguu ya watu sijawahi kukosea. Kocha yule aliondoka kabla ya Krismasi, Mirko yupo mpaka leo.

Mbio hakuwa nazo, na hilo nalisema yeye mwenyewe akisikia. Lakini alifika. Mshambuliaji akifika, anamkuta Mirko amesimama pale kama mtu anayesubiri basi. Kuna mmoja wa timu za milimani alimgeukia refa akalalamika, "Huyu jamaa haendi hata chooni?" Daluga zake zilikuwa nyeusi siku zote, na alizipaka mafuta ya nguruwe kwa mkono wake kila Alhamisi, maana udongo wetu wa mtoni unanata kama ugali uliopoa. Wengine wananitupia mimi viatu vyao. Yeye hakuwahi.

Sasa nije kwenye msumari. Chumba changu cha vifaa kina ukuta ambao hauguswi na mtu. Mchezaji anayemalizia soka lake Santafosca hupigiliwa msumari hapo, na daluga zake hutundikwa na udongo wake. Sheria ni yangu: aliyeshuka daraja akiwa na timu hapati msumari mpaka aipandishe tena. Marais wamejaribu kunibadilisha. Wao wamepita, ukuta upo.

Miaka saba iliyopita tulicheza mechi ya kuamua nani ashuke. Sare ilitutosha. Dakika za mwisho ikaja krosi ya chini, mbele ya lango. Kipa wetu alikuwa ameshainama kuudaka mpira. Mirko hakutazama nyuma, akanyoosha mguu kama beki yeyote angefanya, mpira ukamgonga, ukaingia kwetu. Tukashuka, tukatoka soka la kulipwa, tukaingia ridhaa.

Kwenye baa ya Iole hawakumwachia. "Mirko, leo lango letu ni lipi?" Mwingine akasema, "Iole, usimpe chupa huyo, ataipeleka meza ya jirani." Mirko akajibu, "Ipeleke wewe, mimi zamu yangu nimemaliza." Akanywa kahawa yake taratibu. Kesho yake akarudi baa ile ile, akakaa kiti kile kile. Hapo nami nilimheshimu, ingawa sikumwambia.

Wiki hiyo timu moja kubwa ya mjini, ya daraja la pili, ikamwita. Akaja chumbani kwangu, akasimama mbele ya ukuta.

"Mzee, nikienda, msumari wangu vipi?"

"Msumari gani? Ukuta huu hautundiki viatu vya watalii."

"Na nikibaki?"

"Ukibaki, ipandishe."

"Wewe mzee una kichwa kigumu kama nguzo ya goli."

"Na wewe ndiye uliyefunga goli lenyewe. Mlango ule pale."

Akaubamiza mlango mpaka mipira ikaanguka kutoka rafuni. Jumatatu mazoezi yalipoanza, wa kwanza kufika alikuwa yeye.

Kuanzia hapo asubuhi alivuna kome na baba yake, jioni akaja uwanjani na mikono inanuka chumvi. Goti la kulia lilipasuliwa. Daktari akamwambia inatosha, yeye akasema bado. Mabeki wapya aliwafundisha neno moja tu: "Tazama nyuma kwanza, mpira hauna haraka kuliko wewe." Walimcheka. Sasa hawacheki.

Maana mwezi uliopita, mechi ya mwisho ya ligi, ilitubakia sare moja tupande. Tuta lilijaa watu, hata padri alikuwepo. Dakika za nyongeza, winga wao akapita, ikaja krosi ile ile, ya chini, mbele ya lango lile lile. Watu wote wakapiga kelele, "Piga! Piga, Mirko!" Wanaosema na mimi nilipiga kelele hiyo ni waongo, nilikuwa nakohoa.

Mirko aligeuza kichwa, akatazama. Kisha akaurudisha mguu. Akamwekea mshambuliaji mgongo kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa kuni, akauacha mpira upite. Ukapita mbele yake, ukapita mbele ya lango, ukaendelea kuviringika polepole mpaka ukatoka nje. Refa akapuliza filimbi. Tumepanda.

Magoli mazuri nimeyaona mengi. Lakini jambo kubwa kuliko yote katika uwanja huu ni mpira ambao Mirko Bellettato hakuugusa. Nilimwuliza, "Ulijuaje?" Akasema, "Zaidi ya yule niliyemzuia, nyuma hapakuwa na mtu, mzee. Nilitazama."

Bi Tessarin sasa anataka daluga zake ziwekwe kwenye kabati la kioo pale mlangoni, zioshwe, ziwekewe taa. Mirko akamjibu, "Rais, kwa heshima yako, hilo mwulize mzee." Mzee amekataa.

Jioni ile ya kupanda, wengine walipokuwa wanamwagiana mvinyo, yeye aliingia chumbani kwangu akichechemea. Akasimama mbele ya ukuta. Nikamwonyesha nyundo. Pigo la kwanza akapiga ukuta, la pili akapiga kidole chake, akatukana mpaka padri akasikia nje. Na machozi yalimlengalenga machoni. Yangu hapana, kule ndani kuna vumbi.

Mirko, kwa niaba ya Santafosca yote, na hata wale wa baa ya Iole, asante. Goti lako lipoe, kome wa baba yako wanenepe, na mkeo Katia avumilie kukuona nyumbani kila Jumapili. Msumari umekaa imara, nimeuning'inia mwenyewe kuujaribu. Zilete daluga Jumapili baada ya mechi, na usizioshe.