Maisha ya Kaka Yetu, Fundi wa Vitabu Aliyeshona Tiara

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyechangia naye ziwa moja, na familia imenikabidhi kuyasoma maisha yake mbele yenu, kazi nzito kwa kifua changu lakini nyepesi kwa ulimi, kwa kuwa hayati hakutuachia aibu ya kuificha, isipokuwa moja, nayo mwenyewe aliniusia niisome.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Septemba 1944, katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu vikuukuu la marehemu baba, akaanza shule ya msingi mwaka 1952, na alipohitimu mwaka 1959 aliingia kiwanda cha uchapaji kujifunza kujalidi vitabu, ufundi alioutumikia hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2004, na wengi wenu mliosoma maandiko matakatifu yenye jalada jeusi lisilobanduka mlishika kazi ya mikono yake bila kujua. Tarehe 18 Desemba 1969 alifunga ndoa na shemeji yangu, mshonaji wa nguo, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanane, na katika miaka arobaini na minane ya ndoa sikusikia kwao ugomvi mkubwa kuliko ule wa nani kauchukua mkasi.

Alipostaafu aliunda na wenzake sita klabu ya kurusha tiara, na tangu mwaka 2011, kila Alhamisi saa tisa alasiri, walikwenda hospitalini kuwafundisha watoto waliolazwa namna ya kuzitengeneza. Kaka aliidharau gundi ya dukani, akapika yake ya unga wa ngano, akaitia sukari ili ing'ae, na asubuhi ya tarehe 7 Juni 2013 sisimizi waliivamia wodi nzima, wakapanda hadi kwenye bandeji, muuguzi mkuu akazitupa tiara zote jalalani na kuipiga klabu marufuku, huku binti wa miaka tisa, aliyengoja kupasuliwa mguu, akilia kwamba yake ilikuwa imebaki mkia tu.

Kilio kile kilimnyima kaka ladha ya chakula, na kwa kuwa wahenga walinena kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, Alhamisi iliyofuata alirudi peke yake na ndoo na dekio, akaisugua sakafu yote, kisha mzee yule wa miaka sitini na minane akasimama katikati ya vitanda, akawaomba radhi watoto wenyewe, si wakubwa wao tu, na akaahidi kwamba klabu ikiruhusiwa tena, hakuna Alhamisi itakayopita watoto wakingoja bure. Muuguzi mkuu alimpachika jina la Mzee Sisimizi, kisha akamfungulia mlango kwa sharti la kutoleta gundi tena, na nyumbani shemeji akamcheka, "Baba watoto, nusu karne unashona vitabu, leo karatasi imekushinda?" Ndipo tiara zikaanza kushonwa kwa uzi, na binti yule, siku ya kupasuliwa, alimkabidhi kaka tiara yake mlangoni pa chumba cha upasuaji, naye akaishika bila kuketi hadi mtoto alipotolewa.

Mwezi Januari 2018 figo zake zilianza kudhoofu, akalazwa tarehe 2 Aprili katika hospitali ileile, na tarehe 10 Mei, Alhamisi, wenzake walipotaka kubaki kando ya kitanda chake, aliwafukuza, "Mnanikodolea macho nini, kwani mimi tiara, nitapaa? Nendeni, watoto wanangoja." Jumatatu, tarehe 14 Mei 2018, saa nne asubuhi, Mwenyezi Mungu alimwita, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia siku hizi tatu, na mafundi wa kiwandani waliolibeba jeneza. Leo pia ni Alhamisi, na nimesikia minong'ono kwamba wanachama watatu wa klabu hawakutokea mazikoni, basi jueni kwamba saa hii wako wodini, shemeji mwenyewe amewafungia uzi na sindano asubuhi akawasukuma watoke, na familia haitapokea lawama ya mtu yeyote juu yao.

Kaka, umerejea kwa Mola aliyekuazimisha kwetu, na hakuna mtoto aliyengoja bure, basi pumzika kwa amani.