Meli Katika Mkataba wa Mbuzi

Bwana apewe sifa asubuhi hii, ndugu zangu. Sifa zake ziwafikie mlioketi, na ninyi mliosimama pale nyuma kwa sababu akina mama waliotoka kule Kola wamewahi viti vyote. Naitwa Ndinda. Wengi hapa mnaniita Wakili, na mnaniletea maneno ya mipaka ya mashamba hata tukiwa kwenye foleni ya chai. Sijakasirika. Mchungaji amenipa dakika saba, akasema ni saba za watu wa kawaida, si saba za mahakamani.

Nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kifungoni. Hakikuwa kifungo cha pombe wala cha waganga. Kilikuwa na kiti cha kuzunguka na jina langu mlangoni. Nilikuwa mtu asiyeweza kusema "sijui".

Ndugu zangu, kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi Nairobi katika ofisi ya mawakili, nikiandika mikataba ya chai inayouzwa ng'ambo. Kule usipojua kitu unagonga mlango wa mkubwa wako, anakugombeza kidogo, anakuonyesha. Kisha nikapata kazi hapa Machakos, katika kampuni inayonunua mbuzi katika masoko ya Mwala na Kithyoko, inachinja na kuuza nyama. Nikawa wakili wao wa kwanza na wa pekee. Sikuwa na mlango wa kugonga tena. Sasa wao ndio waligonga wangu.

Na waliniuliza mambo ambayo sikuwahi kusomea. Vibali vya kusafirisha mifugo, likizo ya mfanyakazi aliyejifungua, maji machafu ya machinjioni. Mimi mbuzi nilimjua akiwa kwenye sahani. Lakini mtu akiuliza, nilikunja uso na kusema, "Nitaangalia nirudi kwako." Nilirudi baada ya wiki mbili na karatasi sita za Kiingereza kigumu, na ukizisoma zote huoni mahali nimesema fanya au usifanye. Niliogopa kukosea, basi sikusema chochote. Mameneja wakaacha kuniuliza. Mikutano ikafanyika bila mimi, na nilisikia maamuzi ya kampuni kutoka kwa mama anayetuletea chapati. Iliniuma, na kiburi kikanizuia kuuliza kwa nini.

Miaka minne ikapita hivyo. Basi ikaamuliwa wafugaji wote wanaotuuzia mbuzi watie sahihi mkataba. Nilikuwa sijawahi kufika Mwala kuona mbuzi wanavyonunuliwa, na nikaona aibu kuomba nipelekwe. Nikafungua mkataba wangu wa zamani wa chai. Palipoandikwa chai nikaweka mbuzi. Palipoandikwa muuzaji nikaweka mfugaji. Karatasi kumi na nane, Kiingereza kitupu, nikampa mtu wetu wa ununuzi awapelekee wakatie sahihi sokoni. Wakatia, wengine kwa dole gumba.

Haikupita muda, mbuzi thelathini na mmoja wakafa ndani ya zizi letu, siku mbili baada ya kununuliwa, kabla wenyewe hawajalipwa. Mfanyakazi wetu alikuwa amewaogesha kwa dawa ya kupe aliyoikoleza kupita kiasi. Kosa lilikuwa letu. Lakini meneja wetu wa ununuzi, Bwana Kioko, akaenda kusoma mkataba, akakuta nimesahau kukiondoa kifungu kimoja cha chai. Kinasema hasara yoyote ni ya muuzaji mpaka mali ipakiwe ndani ya meli.

Meli, ndugu zangu! Mbuzi wa Mwala!

Bwana Kioko hakuwahi kuketi ofisini kwangu miaka yote ile. Siku hiyo aliketi, akavuta kiti karibu. "Wakili, kumbe wewe ni moto hivi? Hii maneno ya meli ulitoa wapi? Hawa watu hawana pa kushika. Alhamisi bodi ikikaa nitawaambia vile umetuokoa."

Nikatabasamu. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, nilitabasamu. Miaka minne sijasifiwa, leo nasifiwa kwa kosa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, niitwe mwerevu, na wafugaji waambiwe mbuzi waliokufa ni hasara yao.

Jumanne akaja mama mmoja mapokezi. Mwaitu Nthenya, yaani Mama Nthenya kwa Kikamba chetu, mjane wa kule Mwala. Kati ya mbuzi wale thelathini na mmoja, tisa walikuwa wake, na nyumbani alibakiwa na wawili. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alinipa mkono, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Mwana wakwa, mwanangu, nimesomewa ile karatasi yenu na mjukuu wangu. Mimi nataka tu kujua hiyo meli iko wapi, ndiyo nipeleke hawa wawili wamebaki wasije wakanifia mkononi."

Alimaanisha. Alidhani ni utaratibu mpya wa kampuni, na alikuwa tayari kuufuata. Mimi nikasema kile nilichozoea kusema, "Mwaitu, nitaangalia nirudi kwako."

"Ni sawa," akasema. "Nitangoja." Akaketi kwenye benchi, akaweka mkoba wake miguuni.

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyewahi kungoja jibu langu palepale. Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikapiga magoti kati ya meza na kabati la mafaili. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Baba, mimi sijui hii kazi." Nililia kama mtoto. Na nilipotamka hivyo, jina moja likanijia kichwani.

Nikakumbuka niko na namba ya wakili mmoja wa kampuni kule Athi River, Mama Wanjiru, tuliyekutana naye kwenye mafunzo yale ya lazima ya mawakili. Alikuwa ameniambia nimpigie wakati wowote, na nilikaa na namba hiyo miaka miwili nikiona aibu. Nikapiga. Nikamweleza yote. Nilitarajia anishangae, akacheka tu taratibu. Akasema, "Ndinda, mimi niliwahi kuandikia kiwanda cha saruji masharti ya hoteli. Sasa sikiza. Kampuni haikukuajiri ushinde kina mama wa Mwala. Ilikuajiri uiambie ukweli mapema. Andika ukurasa mmoja, Kiswahili au Kiingereza rahisi. Nini kimetokea, nani alikosea, na wewe ungefanya nini. Hiyo ya mwisho usiiache." Akanionya pia nisiende kukiri kwa mwaitu kabla ya kuwaambia wakubwa wangu, maana mimi bado ni wakili wa kampuni, na hilo lingekuwa kosa la pili.

Nikatoka. Nikamwambia mwaitu, "Leo sina jibu. Sijui. Lakini Ijumaa nitakuja kwako Mwala mimi mwenyewe na jibu." Akaniangalia, akasema, "Hiyo nimeelewa," akaenda zake.

Alhamisi Bwana Kioko alianza kunisifu mbele ya bodi. Nikaomba kusema. Nikasema kifungu kile hakikutokana na akili yangu, kilitokana na kusahau. Nikasema nilinakili mkataba wa chai kwa sababu sikuijua biashara yetu na niliona haya kuuliza. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, nami nikatamani ardhi inimeze. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alingoja wanyamaze. Akaniuliza, "Na wewe Wakili, unatushauri nini?"

Swali hilo nilikuwa sijaulizwa tangu niajiriwe. Nikawapa ukurasa wangu. Dawa ilikuwa yetu, zizi lilikuwa letu, na kortini hakuna jaji atakayengojea meli Mwala. Zaidi ya hayo, tukiwaonea wafugaji mara moja, hatutapata mbuzi tena. Turudishe mbuzi kwa mbuzi, tuandike mkataba wa kurasa mbili, usomwe kwa Kikamba na Kiswahili kabla ya mtu kutia sahihi. Bwana Kioko alipinga, wakabishana, wakakubali. Mimi nikapewa barua ya onyo. Sitawadanganya, iko kwenye faili langu hadi leo.

Ijumaa nilikwenda Mwala. Niliwaeleza wafugaji kila kitu, na wakaniuliza maswali ya uzito wa mbuzi na ya mbuzi aliye na mimba. Nikasema sijui, wakanifundisha, nikaandika. Vifungu vizuri kuliko vyote katika mkataba ule mpya ni vyao. Mwaitu Nthenya amepata mbuzi wake tisa. Anasema mmoja ni mkorofi sana, na kwamba lazima huyo nilimchagua mimi.

Bwana Kioko alininunia miezi miwili. Sasa akitaka kuongea biashara na mtu yeyote ananiita kwanza, tena mapema, kabla mambo hayajaharibika. Nahudhuria mikutano. Kila mwezi nakutana na Mama Wanjiru na mawakili wengine wa kampuni, na kila mmoja huanza kwa kusema jambo ambalo hajui. Namshukuru Mungu, nalala, na kazi yangu naipenda.

Ndugu yangu, labda wewe ni mwalimu, nesi, fundi, au umepewa cheo juzi, na kuna jambo unajifanya unalijua huku moyo unakudunda. Mwamini Mungu, liseme. Mimi baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Njoo uniambie hujui nini. Nami nitakuambia yangu ya wiki hii, maana ninayo mambo matatu.